Korongo Nyuma ya Darasa: Kufundisha Ikolojia katika Nchi Kavu ya Dodoma

Katika shule nyingi za msingi za mkoa wa Dodoma, siku huanza kwa mafagio. Kabla ya kwenda mstarini, wanafunzi huufagia uwanja mpaka ardhi nyekundu ibaki tupu, majani makavu ya mwarobaini hukusanywa pembeni na kuchomwa moto, na mwalimu wa zamu hupita akikagua. Kazi hiyo huitwa usafi wa mazingira. Nyuma ya darasa la mwisho, pale maji ya mvua yanapotoka uwanjani kuelekea bondeni, mara nyingi pana korongo, ambalo kila masika huongezeka kidogo kina na upana, na mizizi ya mti ulio ukingoni mwake imebaki ikining'inia hewani.

Mambo hayo mawili, uwanja uliofagiliwa na korongo lililo nyuma yake, ni habari moja. Majani yaliyoanguka huupunguza nguvu mpigo wa matone ya mvua, nayo ni chakula cha mchwa, na mchwa wanapoyafuata huchimba vijia vingi ambavyo maji huvitumia kushuka ardhini. Majani yakiondolewa, tone la mvua hupiga udongo mtupu, chembe ndogo hutawanyika na kuziba matundu yaliyopo juu, kisha jua linapowaka hufanyika gamba gumu lisilopitisha maji. Mvua inayofuata haiingii tena. Inateleza, inakusanyika, inapata kasi na kuchimba. Watoto wanaofundishwa kutunza mazingira huanza siku yao kwa kuondoa kile ambacho kingelizuia korongo lisikue, wala hawana kosa, kwa maana wanafanya walivyoelekezwa kwa utiifu wote.

Sisemi kwamba mafagio yatupwe. Eneo lililo karibu na madarasa na vyoo lina sababu nzuri ya kufagiliwa, kwa kuwa nyoka na nge hujificha kwenye majani. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi aliyeelewa jinsi maji, majani, mchwa na udongo vinavyohusiana angeweza kuamua mwenyewe wapi pafagiliwe na wapi paachwe, wakati mwanafunzi aliyepewa amri tu hawezi. Tofauti hiyo kati ya kuelewa na kuamriwa ndiyo shina la ugumu wote wa kufundisha ikolojia, shuleni na kwa umma, na haiwezi kufafanuliwa bila kwanza kutenganisha maneno tuliyozoea kuyachanganya.

Neno mazingira limetokana na kitenzi kuzingira, na aliyezingirwa yuko katikati. Picha iliyomo ndani ya neno hilo ni ya mwanadamu aliyesimama palipo wazi, na miti, wanyama, maji na hewa vimemzunguka kama ua. Ni neno zuri, lakini linatuweka mahali tusipostahili, kana kwamba vile vinavyotuzunguka vingeweza kuharibika nasi tukabaki wazima hapo katikati. Ikolojia ni neno la asili nyingine. Lilibuniwa mwaka 1866 na Ernst Haeckel, mwanabiolojia wa Ujerumani, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyumba au makazi, nalo linataja taaluma ya mahusiano ya viumbe wao kwa wao na ya viumbe na mahali wanapoishi. Mzee aliyelelewa katika tembe la Kigogo, ambamo watu, ndama na akiba ya nafaka vilikaa katika boma moja lenye paa la udongo, hahitaji maelezo marefu ili aelewe kwa nini taaluma hii ilipewa jina la nyumba, kwa sababu katika boma kama hilo ugonjwa wa ndama ulikuwa habari ya kila aliyemo.

Usafi ni jambo la tatu. Unahusu takataka, vyoo, maji taka na magonjwa, na umuhimu wake hauna mjadala. Uhifadhi ni la nne, nao ni uamuzi wa kulinda kitu fulani, msitu, chanzo cha maji au mnyama, kwa kutumia sheria, mipaka au mila. Mtu anaweza kuwa hodari wa usafi akawa hajui lolote la ikolojia, na mtu anaweza kuhifadhi msitu kwa woga wa faini bila kujua msitu huo unamfanyia nini. Tunapoyaweka yote manne katika kapu moja na kuliita elimu ya mazingira, kwa kawaida usafi ndio unaobaki juu, kwa kuwa ndio unaoonekana na unaokaguliwa.

Mchanganyiko huo una madhara kwa sababu matatizo yenyewe si ya aina moja. Yapo yanayoweza kutatuliwa kwa amri. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na katika muda mfupi watu wakazoea kwenda sokoni na vikapu au mifuko mbadala. Amri ilifaa kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa kimoja, kinatengenezwa na kuingizwa na watu wanaojulikana, na mbadala ulikuwepo. Mmomonyoko wa udongo hauko hivyo. Husababishwa na maelfu ya maamuzi madogo ya kila kaya, kuhusu idadi ya mbuzi, mahali pa kulima, shina la kukata kuni na mabua ya kuchoma, na hakuna askari anayeweza kusimama katika kila shamba.

Kondoa, wilaya ya mkoa wa Dodoma yenye milima ya Irangi, inatufundisha jambo hili kuliko mahali pengine popote katika kanda ya kati. Milima hiyo ilikuwa imechanwa na makorongo kiasi kwamba sehemu nyingine udongo wa juu ulikwisha kabisa na kubaki mwamba uliooza. Sababu zake ni nyingi, na anayezitaja kwa neno moja, awe anasema mifugo au anasema mkoloni, anadanganya bila kukusudia, kwa sababu wataalamu waliochunguza tabaka za mashapo wamekuta kwamba mmomonyoko katika milima hiyo ulikuwepo karne nyingi kabla ya ukoloni, ingawa kilimo, ukataji wa miti na wingi wa mifugo viliuzidisha. Mwaka 1973 Serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana zaidi kwa jina la HADO. Ulichimba makinga maji na kupanda miti, lakini ilipoonekana kuwa hatua hizo hazitoshi, mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondoka katika eneo lililoharibika, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 1,200.

Kilichotokea kwa upande wa uoto kilikuwa cha kustaajabisha. Katika miaka michache nyasi zilirudi, vichaka vikafuata, na baadhi ya makorongo yakaanza kufunikwa, jambo lililodhihirisha kwamba ardhi iliyoonekana imekufa ilikuwa bado na mbegu na mizizi hai ndani yake. Lakini ng'ombe walioondolewa hawakutoweka duniani. Walipelekwa nyanda za chini na maeneo ya jirani, na mzigo wa malisho ukahamia huko pamoja nao. Kaya zilizobaki milimani zilikosa maziwa, samadi na maksai wa kulimia, na nguvu ya usimamizi ilipopungua katika miaka ya 1990, mifugo ilianza kurudi. Ninapofundisha habari hii hupenda kuwauliza wanafunzi swali moja: eneo lenyewe lilipona, lakini je, mfumo ulipona? Majibu yao hutofautiana, na mjadala unaozuka una faida kuliko jibu lolote ambalo ningeliandika ubaoni.

Neno mfumo ndilo linalowatatiza wengi, kwa hiyo linahitaji kukaziwa. Ramani ya mto Bubu hulieleza vizuri. Mto huo hukusanya maji ya sehemu za Kondoa na kushuka kusini hadi bonde la Bahi, ambako maji hayana njia ya kwenda baharini. Hutandaa, huzama au hukauka, na kila kilichobebwa na mto na vijito vyake hubaki hapo. Mkulima wa mpunga wa Bahi hulima juu ya udongo ulioondoka katika mashamba ya watu asiowajua. Mchanga ukija mwingi mno, mifereji yake huziba. Matope yakija kwa kiasi, shamba lake hupata rutuba. Kwa hiyo kinachoitwa uharibifu huko juu kinaweza kuwa neema huku chini, na kinaweza pia kuwa balaa, kutegemea kiasi na wakati. Hapo ndipo somo linapoacha kuwa orodha ya mambo mema na mabaya na kuwa sayansi.

Maji ya kunywa ya jiji la Dodoma yana fumbo lao pia, nalo ni fumbo la muda. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida haizidi sana milimita 500 hadi 600. Tangu zamani jiji limetegemea visima virefu vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na kwa bahati njema kina cha maji katika bonde hilo kimepimwa kwa miongo mingi. Watafiti waliochapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55 mwaka 2013 walionyesha kwamba maji ya ardhini hapo hayaongezeki kila mwaka. Miaka mingi kina hushuka polepole, kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kawaida, mara nyingi unaoandamana na hali ya El Niño kama ule wa mwaka 1997 na 1998, na maji hupanda kwa mkupuo.

Tafakari maana yake kwa mtu anayefungua bomba Area C au Nkuhungu. Maji anayochotea ndoo leo huenda yaliingia ardhini kabla hajazaliwa, katika msimu ambao wazee wanaukumbuka kwa mafuriko yake. Mvua ileile iliyobomoa nyumba na kukata barabara ndiyo iliyojaza hazina. Wakati huohuo idadi ya wachotaji inakua haraka: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika manispaa ya Dodoma, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000 katika jiji. Kila mtaa mpya huleta mabati, lami na viwanja vilivyosawazishwa, ambavyo hurudisha maji juu ya ardhi badala ya kuyapeleka chini. Hakuna bango linaloweza kueleza hayo. Yanaelezwa kwa grafu moja iliyochorwa na wanafunzi wenyewe, yenye miaka upande mmoja na kina cha maji upande mwingine, na kwa saa nzima ya mazungumzo.

Malengo ya elimu hii yalikwisha kuwekwa wazi zamani. Mkutano wa kimataifa uliofanyika Tbilisi mwaka 1977 uliyataja matano: mwamko, maarifa, mtazamo, stadi na ushiriki. Huku kwetu tumeshikilia la kwanza na kurukia la mwisho. Tunawaamsha watu kwa nyimbo na ngonjera za Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, halafu tunawapa miche wapande, na kwa kuwa tarehe hiyo mkoani Dodoma ni mwanzo wa kiangazi, mche uliopandwa bila mpango wa kumwagiliwa hauna matumaini ya kuiona Desemba. Katikati tumeacha maarifa ya kwa nini, na stadi za namna gani. Stadi ya kujua kwamba mche hupandwa mvua zinapoanza ni ndogo, lakini thamani yake inazidi ya hotuba tatu.

Kwa sasa shule za msingi zina somo la Jiografia na Mazingira, na linafundishwa kwa Kiswahili katika shule nyingi za Serikali, jambo ambalo ni msaada mkubwa. Mwanafunzi akivuka kwenda sekondari, lugha ya kufundishia hubadilika na kuwa Kiingereza, na hapo ikolojia hukatika kutoka nyumbani. Kijana anayeweza kuchora mzunguko wa naitrojeni kwenye mtihani wa baiolojia hujikuta hana maneno ya kumweleza bibi yake kwa nini mtama hustawi pale palipokuwa na kunde mwaka uliopita, na bibi, anayejua fika kwamba hustawi, hana wa kumwambia kuwa kwenye mizizi ya kunde, karanga na njugumawe kuna vinundu, na ndani ya vinundu kuna bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya iwe chakula cha mmea. Maarifa mawili yamelala chini ya paa moja bila kuamkiana. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa kuwa halihitaji fedha kulirekebisha. Linahitaji mwalimu aliye tayari kutoa dakika kumi za Kiswahili katika kipindi chake, na kazi ya nyumbani inayomtaka mwanafunzi amuulize mzee.

Mwalimu asiye na maabara anayo maabara katika nchi hii kavu. Chupa mbili za plastiki zilizokatwa ubavuni, moja ikijazwa udongo mtupu na nyingine udongo uliofunikwa majani makavu, zikiinamishwa na kumwagiwa kikombe kimoja kimoja cha maji, zitaonyesha rangi mbili tofauti za maji yanayotoka. Kamba iliyozungushiwa mita moja ya mraba chini ya mgunga na nyingine palipo wazi huwapa watoto kazi ya kuhesabu: aina ngapi za nyasi, wadudu wangapi, joto la udongo likoje kwa kiganja. Vigingi viwili vilivyopigwa kwenye kingo za korongo, na umbali kati yake ukipimwa kabla ya mvua na baada ya mvua, hugeuza kile kilichokuwa aibu ya shule kuwa kipimo chake.

Mbuyu nao ni somo la muhula mzima. Maua yake meupe hufunguka jioni na kudumu usiku mmoja, na miongoni mwa wachavushaji wake wakuu ni popo wala matunda, wanaofuata utamu wake gizani. Wengi wetu tumelelewa tukimwogopa popo na kumhusisha na uchawi, na popo wakikaa darini huchomwa au kufukuzwa kwa mawe. Mtoto akiuliza ubuyu anaonunua nje ya geti unatoka wapi, na akaufuata hatua kwa hatua kutoka kwenye kifuko hadi kwenye tunda, kutoka kwenye tunda hadi kwenye ua, na kutoka kwenye ua hadi kwa mgeni wa usiku, anakutana na popo akiwa amekwisha kumhitaji. Sijaona njia nyingine inayobadili mtazamo kwa upole kiasi hicho.

Kwa watu wazima kazi ni ngumu zaidi, kwa maana wao hawana mtihani, nao wamekwisha kuamriwa mara nyingi. Historia ya amri za ardhi katika nchi hii haisahauliki kwa urahisi. Mwaka 1955 wakulima wa Uluguru, jirani zetu wa Morogoro, walifanya ghasia kupinga matuta waliyolazimishwa kuchimba na utawala wa kikoloni. Huko Kongwa, kuanzia mwaka 1947, wataalamu wa Uingereza walifyeka pori kwa matrekta ili walime karanga kwa kiwango kikubwa, bila kuzingatia ipasavyo uhaba wa mvua wala udongo wenye mfinyanzi unaokauka na kuwa mgumu kama tofali. Mwaka 1951 mpango uliachwa, ukiwa umepoteza takribani pauni milioni 36. Wagogo waliokuwa wakiishi hapo walijua tabia ya mvua ile. Elimu ya ikolojia kwa umma, kwa hiyo, si maji yanayoteremka kutoka kwa msomi kwenda kwa mwanakijiji. Mara nyingi msomi ndiye aliyepungukiwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na imeweka nafasi ya kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji. Mfumo upo. Kinachokosekana katika mikutano mingi ni heshima kwa hesabu za msikilizaji. Mama anayekata mti achome mkaa anajua kuwa mti una faida, wala hilo halihitaji bango. Anachokijua zaidi ni ada ya daftari na deni la dukani. Ukimwambia asikate bila kumwonyesha pengine pa kupata fedha hiyo, umemfundisha kukukwepa tu.

Ndiyo maana njia inayoitwa kisiki hai imepokewa vizuri katika vijiji kadhaa vya Dodoma. Haianzi na mche wa kununua. Inaanza na kile ambacho mkulima hukifyeka kila mwaka anapoandaa shamba, yaani machipukizi yanayotoka kwenye visiki vya miti ya asili iliyokatwa zamani, ambavyo mizizi yake imekwisha kufika kwenye unyevu. Mkulima huchagua kisiki, huacha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, hupogoa mengine, huweka alama ili mlimaji asiyakate, na huyalinda dhidi ya mbuzi. Matawi yaliyopogolewa ni kuni za wiki hiyo hiyo. Mti hukua haraka kuliko mche kwa kuwa haujengi mizizi upya, na mkulima huona matokeo kabla hajachoka kuamini. Katika njia hiyo malengo yote matano ya Tbilisi hukutana shambani bila hata mmoja kuyataja, kwa sababu mtu hutenda kwanza jambo dogo, huona, huuliza kwa nini, na swali lake ndilo linaloita maarifa.

Pamoja na hayo, kisiki hai hakimalizi kila kitu. Hakijibu swali la mifugo inayozurura kiangazi baada ya mavuno, ambapo kwa desturi mashamba huwa malisho ya wote, wala hakimsaidii aliyekodi shamba kwa msimu mmoja na asiye na sababu ya kutunza mti utakaomfaidi mwenye ardhi. Hayo ni maswali ya makubaliano na umiliki, na mwalimu wa ikolojia anayeyakwepa kwa kisingizio kwamba si ya sayansi anaiacha nusu ya nyumba gizani. Yanafaa kuwekwa mezani kwenye mkutano wa kijiji, na yanafaa kuulizwa darasani pia, kwa kuwa watoto wa mwenye ng'ombe na wa mwenye shamba huketi kwenye dawati moja.

Shule inayotaka kuanza haihitaji kusubiri mradi. Novemba, kabla ya matone ya kwanza, darasa la tano linaweza kupiga vigingi vyake kwenye korongo na kuandika umbali katika daftari moja litakalotunzwa ofisini. Nusu ya uwanja wa nyuma iachwe bila kufagiliwa, majani yakae, na mstari wa mawe uwekwe kukatisha njia ya maji. Aprili watapima tena, upande uliofagiliwa na upande ulioachwa, na tarakimu zitakazoandikwa chini ya zile za Novemba zitasomwa na watoto walio darasa la tatu leo, watakapofika zamu yao ya kushika kamba ya kupimia.